Haki ya kufanya kazi na leseni ya kuifanya

Ingia kwenye fremu yoyote ya Kariakoo, Mtaa wa Kongo au Mtaa wa Uhuru, halafu tazama ukutani nyuma ya mwenye duka. Kuna cheti cha TIN, yaani namba ya mlipakodi, kuna leseni ya biashara, kuna cheti cha zimamoto, na kama anauza chakula au dawa kuna kingine na kingine, vyote vimewekwa mahali ambapo afisa akiingia ataviona bila kuuliza. Muulize mwenye duka kila kimoja ni cha nini. Wengi watakujibu kwa kifupi: hicho ukikosa unafungiwa.

Jibu hilo ni la kweli, lakini halifafanui kitu. Mtu mzima mwenye akili timamu anataka kumuuzia nguo mtu mzima mwenzake ambaye anazitaka. Serikali inaingia hapo katikati kwa mamlaka gani na kumwambia asubiri ruhusa? Na kama mamlaka hayo yapo, yanaishia wapi? Kama hayana mwisho, basi hata kupika uji alfajiri na kuupeleka kituo cha daladala ni fadhila ya ofisi fulani, na ofisi hiyo ikiamka vibaya fadhila inakwisha.

Mjadala huu kwetu mara nyingi huendeshwa kwa hasira. Huyu anasema nchi bila utaratibu ni fujo, na anakutajia dawa feki na maghorofa yaliyoanguka. Yule anasema kila kitu kibali, maskini atakula wapi? Wote wawili wameshika kipande cha ukweli. Mimi naamini suala linafumbuka tukiuliza swali moja ambalo huwa hatuliulizi: kati ya anayetaka kufanya kazi na anayetaka kumzuia, nani anapaswa kutoa maelezo?

Tuanze na Katiba, maana hiyo ni yetu sote. Ibara ya 12(1) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inasema: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Haisemi Serikali inawapa watu uhuru. Inasema wanazaliwa nao. Ibara ya 22(1) inaongeza: "Kila mtu anayo haki ya kufanya kazi." Hapo ndipo lilipo wazo la haki za asili, yaani haki alizonazo mtu kwa kuwa ni mtu tu, kabla ya Bunge, kabla ya mfalme, kabla ya afisa biashara wa halmashauri. Mwanafalsafa wa Uingereza wa karne ya 17, John Locke, alilijenga hivi: kila mtu anajimiliki mwenyewe, kwa hiyo anamiliki na jasho lake. Watu wanaunda serikali ili iwalindie kile walichokuwa nacho tayari. Serikali kwa mtazamo huo ni mlinzi, na mlinzi hageuki kuwa mwenye nyumba kwa sababu tu ameshika funguo.

Wapo wanaoliona wazo hili kuwa la kigeni, la watu wanaopenda ubinafsi. Sikubaliani nao. Azimio la Arusha la mwaka 1967, waraka uliotaka njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma, lilipotaja imani ya TANU lilianza na kwamba binadamu wote ni sawa, na kwamba kila mtu anastahili heshima. Hata waliotaka dola ishike mabenki na viwanda walianza na mtu kwanza.

Kilichochelewa ni kuzipa haki hizo meno. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 bila hati ya haki za binadamu ndani ya katiba yake. Viongozi wa wakati ule walihofia kwamba mahakama zingeitumia kukwamisha mipango ya maendeleo. Hati hiyo iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na wananchi wakaanza kuweza kuitumia mahakamani Machi 1988. Sheria ya Leseni za Biashara ni ya mwaka 1972. Maana yake ni kwamba msingi wa utaratibu wetu wa leseni uliwekwa katika kipindi ambacho hakuna mwananchi aliyeweza kwenda mahakamani kuuliza kama unagusa haki yake. Leseni ilitangulia, haki ikafuata nyuma, na nadhani hadi leo vichwani mwetu zimebaki kwa mpangilio huo.

Sasa kuna pingamizi la uzito ambalo lazima lisikilizwe. Jeremy Bentham, naye Mwingereza, alizikataa kabisa haki za asili. Kwake haki ni mtoto wa sheria. Bila sheria kuna matamanio tu ambayo watu wameyapa jina kubwa. Ukimwambia mwizi wa Manzese kwamba una haki ya asili ya simu yako, hatakurudishia. Ni polisi, mahakama na sheria ndivyo vinavyofanya haki ishikike. Hoja hii ina nguvu, na mtu anayeitetea haki ya asili akiipuuza anajidanganya. Lakini tazama inatupeleka wapi tukiifuata hadi mwisho, hapa hapa Dar es Salaam.

Mchukue kijana anayetembeza karanga kwenye sinia. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya nguvukazi, na ukafuata msako: watu wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa jijini, wengine wakapakiwa kurudishwa mikoani wakalime. Kijana wa karanga, kwa macho ya sheria ile, hakuwa anafanya kazi. Alikuwa mzururaji. Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kimoja Sh20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka. Kijana yule yule, au mwanawe, sasa akawa mjasiriamali, na mgambo akaambiwa amwache. Oktoba 2021 wamachinga wa Dar es Salaam wakaondolewa kandokando ya barabara, na yule mjasiriamali akaonekana kizuizi.

Karanga hazikubadilika, wala bei, wala mteja anayekunja gazeti kuzipokea. Kilichobadilika ni waraka. Kama haki ni mtoto wa sheria na si zaidi, basi mwaka 1983 kijana yule hakudhulumiwa kitu, kwa sababu hakuwa na haki yoyote ambayo ingeweza kuvunjwa. Mimi siwezi kusema hivyo, na sidhani wewe unaweza. Tunajua alidhulumiwa. Tukijua hivyo tumeshakiri kwamba kuna kitu alikuwa nacho kabla ya waraka, na kwamba waraka unaweza kukitambua au kukikanyaga lakini haukukiumba.

Naomba nitende haki pia kwa upande wa pili, hasa kuhusu mwaka 2021. Njia ya waenda kwa miguu ni ya watu wote. Mama mjamzito anayeteremka kwenye lami kukwepa meza za viatu, huku bodaboda zinapita, naye ana haki yake. Kumwambia mtu "hapa pasipangwe bidhaa" ni kugawana nafasi, na kugawana nafasi mjini hakukwepeki. Kumwambia "usiuze mpaka nikuruhusu" ni jambo jingine kabisa. La kwanza linahusu mahali, la pili linahusu mtu na jasho lake. Mjadala wa machinga ulivurugika kwa sababu mambo hayo mawili yalibebwa katika kapu moja, na kila upande ukawa unajibu swali ambalo mwenzake hakuliuliza.

Kuna uchanganyaji mwingine mkubwa zaidi, na huo ndio unaowatesa watu kwenye madirisha ya ofisi. Tunatumia neno leseni kwa mambo ambayo hayafanani. Serikali inaweza kutaka iambiwe tu: nafungua genge mahali fulani, basi. Hiyo ni taarifa. Inaweza kutaka uandikwe kwenye daftari lake, upewe namba, kodi ijulikane inatoka wapi. Huo ni usajili, na TIN ya TRA, mamlaka ya mapato, ni ya namna hiyo. Inaweza kukupima ujuzi na kukupa cheti cha kuonyesha wateja, huku ikimwacha asiye na cheti aendelee na kazi yake na mteja achague mwenyewe. Na inaweza kusema: bila karatasi hii ukifanya kazi hii umetenda kosa. Hiyo ya mwisho ndiyo leseni kwa maana yake kamili. Mchumi wa Marekani Milton Friedman aliitenganisha hivyo mwaka 1962, usajili, cheti na leseni, akaonya kwamba kila hatua inakata zaidi katika uhuru wa mtu kuliko iliyoitangulia, kwa hiyo kila hatua inadai sababu nzito zaidi.

Ukiwa na ngazi hizo kichwani, mzigo wa karatasi unaanza kusomeka. Mtu anayetaka kukata leseni ya duka la kawaida Dar es Salaam huanza na TIN, kitambulisho cha NIDA na mkataba wa pango, kisha anaomba: kundi A, la biashara za ngazi ya kitaifa na kimataifa, kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara; kundi B, la biashara za ngazi ya chini, kwa halmashauri yake kupitia mfumo wa mtandaoni wa Tausi, na analipa kwa namba ya malipo anayotumiwa kwenye simu. Katika safari hiyo nzima, kwa biashara ya nguo au vyombo vya plastiki, hakuna mahali ambapo mtu yeyote anapima kama anajua kuuza nguo. Kwa maneno mengine, kinachoitwa leseni hapo ni usajili na ada. Serikali inataka kujua yupo na inataka mapato. Hayo ni mahitaji halali, nchi haiendeshwi kwa hewa, lakini yangeweza kutimizwa bila kumfanya mkosaji mtu ambaye hajamdhuru yeyote. Na usajili nao una uzito wake: Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka, sharti la kusajili stoo lilikuwa miongoni mwa malalamiko yao.

Leseni kamili inapata wapi uhalali wake, basi? Nenda duka la dawa jioni, Mbagala au Gongo la Mboto. Mama ameingia na mtoto ana homa, amembeba mgongoni, ana Sh5,000 mkononi. Angekuwa gengeni angeiminya nyanya, angeigeuza, angeikataa. Hapa anapewa vidonge kwenye bahasha ndogo. Hawezi kuviminya. Kidonge cha kweli na cha bandia vinaweza kufanana rangi hadi chapa, na hata kikiwa cha kweli, kipimo cha mtu mzima kinaweza kumuua mtoto. Akikosea hatajua leo; atajua usiku wa tatu, na pengine atakuwa amechelewa. Mwaka 1963 mchumi Kenneth Arrow aliandika kuhusu hali hii katika tiba: muuzaji anajua, mnunuzi hajui, na hana njia ya kujua kwa wakati. Soko haliwezi kumlinda mtu ambaye hawezi kuona anachonunua. Hapo mlango unahitaji kulindwa, na anayelindwa ni yule mtoto mgongoni ambaye hakusaini makubaliano yoyote.

Lakini hata hapo, namna ya kulinda mlango ina uzito. Zamani tulikuwa na maduka ya dawa baridi, yaliyoruhusiwa kuuza tu dawa zisizohitaji cheti cha daktari. Kwa kuwa famasia zilikuwa mijini na watu wa vijijini wanaugua kama wengine, mengi yaliuza antibayotiki chini ya meza, kwa wauzaji wasiofundishwa. Wangeweza kukaza sheria na kuyafunga, na watu wangekosa hata hicho kidogo. Badala yake, kuanzia mwaka 2003 mkoani Ruvuma, ilianza mipango ya maduka ya dawa muhimu: muuzaji anafundishwa, duka linakaguliwa, kisha linaruhusiwa kuuza orodha maalumu ya dawa ambazo zamani zilikuwa za famasia tu. Baadaye yakaenea nchi nzima. Naipenda sana habari hii kwa sababu ni leseni iliyofungua mlango. Waliuliza hatari yenyewe iko wapi, wakaiona iko kwenye ujuzi wa muuzaji na ubora wa dawa, wakaweka sharti hapo na si kwingine.

Kinyume chake ni Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 2013. Jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa lilianguka na kuua zaidi ya watu 30. Ripoti za wakati ule zilieleza kwamba kibali kilikuwepo, ila cha ghorofa chache kuliko zilizopandishwa. Hatari ya jengo ni ya aina ile ile ya kidonge: mpita njia hawezi kujua nondo ngapi zimo ndani ya nguzo, kwa hiyo kibali hapa kina sababu yake yote. Lakini kibali kilitolewa mara moja mwanzoni, na jengo likapanda mwezi baada ya mwezi mbele ya macho ya jiji. Tumezoea kuweka nguvu zote langoni na kuacha uwanja bila mtu. Mkaguzi anayerudi mara kwa mara angeokoa watu ambao mhuri haukuwaokoa.

Sasa turudi kwenye lile swali la nani anapaswa kutoa maelezo. Watu wengi hawajui kwamba mahakama zetu zilishalijibu zaidi ya miaka 30 iliyopita, ingawa hazikuwa zinazungumzia maduka.

Zamani ukitaka kuishtaki Serikali ulihitaji kwanza ridhaa ya maandishi ya waziri. Yaani unayemshtaki ndiye anayekuruhusu umshtaki. Katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu, mwaka 1993, Mahakama ya Rufani ililitupa sharti hilo. Na ilipolitupa iliacha kipimo ambacho kingepaswa kufundishwa mashuleni. Ni kweli, ilisema, Ibara ya 30 ya Katiba inaruhusu sheria kubana haki kwa maslahi ya umma. Lakini sheria ya namna hiyo lazima ivuke vizingiti viwili. Cha kwanza, isiwe ya kiholela: iwe na kinga dhidi ya afisa anayeamua anavyojisikia. Cha pili, isibane zaidi ya inavyohitajika kufikia lengo halali. Ikishindwa hapo, haina nguvu.

Mwaka uliofuata, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, alikutana na kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila. Sheria ilitaka mtu apate kibali cha mkuu wa wilaya kabla ya kufanya mkutano wa hadhara. Nchi hii ilikuwa na sababu ya kukumbuka uchungu wa vibali hivyo: wakoloni waliwanyima TANU usajili wa matawi Jimbo la Ziwa, na mwaka 1957 walimzuia Mwalimu Nyerere kuhutubia hadharani. Jaji aliamua kwamba haki ambayo kufurahiwa kwake kunategemea hiari ya afisa imeondolewa maana yake.

Angalia kilichofuata katika mambo yote mawili. Ridhaa ya waziri ikageuka notisi ya siku 90. Kibali cha mkutano kikageuka taarifa kwa polisi, saa 48 kabla. Serikali haikuanguka. Bado inajua nani anaishtaki, bado inajua wapi watu watakusanyika na inaweza kupanga askari. Ila sasa mwananchi anasema "nafanya", na kama kuna sababu ya kumzuia ni wao wanaopaswa kuisema. Sitaki kupamba: taarifa inaweza kurudi kuwa kibali kwa vitendo, kama ilivyokuwa kuanzia 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilipozuiwa, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoondoa zuio hilo Januari 2023. Kipimo lakini kipo, kimeandikwa, ni sheria ya nchi.

Kwa nini hatukukibeba hadi kwenye meza ya muuza mitumba? Haki ya kufanya kazi iko ndani ya Katiba ile ile, ibara chache tu baada ya zile za kukusanyika na kutoa maoni. Ukikipitisha hicho kipimo kwenye kazi moja moja, majibu yanatoka tofauti tofauti, na ndivyo inavyotakiwa. Daktari, famasia, fundi umeme wa kuingiza waya ndani ya nyumba, dereva wa daladala aliyebeba roho za watu: leseni inasimama. Fundi cherehani wa Tandika mwenye cherehani mbili za miguu barazani, je? Suruali ikibana naiona palepale, narudisha, nikikasirika sirudi tena na nawaambia majirani. Sioni mtu wa tatu anayehitaji kulindwa. Msusi wa Sinza ni vivyo hivyo, isipokuwa kwenye dawa ya kunyoosha nywele, ambayo inaweza kuunguza ngozi. Hapo hatari iko kwenye chupa, na chupa tayari ina mwenyewe: tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango.

Habari za wasusi zimefika hadi mahakama za Marekani. Huko katika miaka ya 1950 takriban mfanyakazi 1 kati ya 20 alihitaji leseni ya serikali ili afanye kazi yake. Sasa ni zaidi ya 1 kati ya 5. Jimbo la Utah lilimtaka mama mmoja aliyetoka Sierra Leone, anayesuka nywele za Kiafrika tangu utotoni, akasome urembo kwa saa 2,000, masomo ambayo karibu hayakugusa kusuka. Mwaka 2012 jaji wa shirikisho alisema sharti hilo halina uhusiano na kazi yenyewe, akaliondoa. Ukiuliza nani alikuwa analindwa na zile saa 2,000, huoni mteja. Unawaona wenye saluni waliokwisha kulipia masomo, ambao hawakutaka mshindani barazani. Leseni ina tabia hiyo popote ilipo: walio ndani hujifunza haraka kuvuta ngazi.

Hilo linatuleta karibu na nyumbani. Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo kutuma na kupokea fedha kwa simu, kutengeneza simu na, isipokuwa mazingira fulani ya utalii, saluni. Wengi Kariakoo waliipokea kwa shangwe, na naelewa kwa nini. Mtu aliyeanza na mtaji wa Sh200,000 akikuta mgeni mwenye kontena amefungua mlango wa pili anaumia kweli. Ninachoomba ni tuiite kwa jina lake. Amri ile haimlindi mteja, kwa sababu simu iliyotengenezwa vizuri haiulizi pasipoti. Inamlinda mfanyabiashara dhidi ya mshindani. Nchi inaweza kuchagua hivyo kisiasa, nchi nyingi huchagua, lakini Ibara ya 22(1) ilisema "kila mtu", na anayetaka kulipunguza neno hilo ndiye mwenye mzigo wa kueleza.

Kuhusu maneno nitasema kwa ufupi, maana hapo jambo ni wazi zaidi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu walipe ada ya leseni ya Sh1 milioni kwa mwaka, juu ya Sh100,000 za maombi. Ada zilipunguzwa baadaye. Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilishatoa maoni mwaka 1985 kwamba kuwalazimisha waandishi wa habari wawe na leseni kunapingana na uhuru wa maoni. Dawa mbaya mgonjwa haioni. Andishi baya msomaji analisoma na kulijibu.

Mwaka 2018 huo huo Serikali yenyewe, katika mpango wake wa kuboresha mazingira ya biashara, ilikiri kwamba mamlaka zimegongana na tozo zimerudiwa, na kazi za mamlaka kadhaa zikapangwa upya kuanzia 2019. Hatua ile ilikuwa njema, ila ilijibu swali la karatasi ngapi. Swali la kwa nini lilibaki.

Nani atalipeleka mahakamani? Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kulinda Katiba, na kwa miaka mingi ni mashirika na wanaharakati waliofanya hivyo kwa niaba ya wengine. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aeleze kwenye kiapo jinsi sheria anayoipinga ilivyomgusa yeye binafsi, na awe amemaliza njia nyingine za kupata nafuu. Shauri linasikilizwa na majaji watatu wa Mahakama Kuu, na Ibara ya 30(5) inawaruhusu, badala ya kuifuta sheria, kuipa Serikali muda wa kuirekebisha. Kwa hiyo anayefaa zaidi kulileta shauri la leseni si mimi ninayeandika wala wakili mwenye hoja nzuri tu. Ni fundi cherehani mwenyewe, au msusi, au mama lishe, na vitu atakavyohitaji kuwa navyo ni vya kawaida: ile notisi aliyobandikiwa mlangoni, risiti ya faini, barua aliyoandika kulalamika kwa mkurugenzi wa halmashauri na tarehe aliyoipeleka, jibu kama lilikuja, na nakala ya kanuni yenyewe iliyotumika kumfungia, kwa namba yake na mwaka wake.